Kompyuta imegoma kuwaka, mafaili yangu nayapataje?

Mwezi huu maswali ya simu na printa nimeyaweka pembeni kidogo, maana barua za kompyuta zilizogoma kuwaka zimekuwa nyingi mno na kuna moja ilininyima usingizi kabisa. Nimechagua nne, hiyo ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wenu mna tatizo hilo hilo.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Dodoma. Laptopu yangu betri ilishakufa siku nyingi natumia kwa chaja tu, sasa juzi usiku umeme ukakatika nikiwa naandika, uliporudi nikawasha inaleta nembo halafu chini inaandika Preparing Automatic Repair, inazungukaaa halafu inakuwa bluu inasema imeshindwa kujirekebisha, nikizima nikiwasha ni hivyo hivyo. Humo ndani kuna ripoti yangu ya utafiti kurasa 84 na mahojiano yote niliyofanya vijijini, natakiwa kukabidhi wiki tatu zijazo. Fundi wa jirani kasema hapo hakuna namna ni kupiga windo tu elfu 20 na mafaili niyasahau. Nimelia sana kaka. Ni kweli yamepotea? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na kwanza futa machozi, kwa hayo uliyoniandikia ripoti yako ina uwezekano mkubwa kabisa kwamba ipo, imekaa pale pale ulipoiacha. Kilichoumia ni Windows, ule mfumo unaoiendesha kompyuta. Umeme ulipokatika Windows ilikuwa katikati ya kuandika mambo yake kwenye diski, ikaachwa nusu, sasa ikiamka inasoma kitu kisichoeleweka na inakwama. Ripoti yako ni faili lingine, sehemu nyingine ya diski hiyo hiyo, halina habari na ugomvi huo. Kitasa cha mlango ndio kimevunjika, vyombo vyote viko ndani.

Sasa kupiga windo, yaani kuingiza Windows upya, kabla ya kutoa vitu ndiko kunakopoteza mafaili. Naomba hili ulishike hata kama mengine yote utasahau: mafaili yanatoka KWANZA, windo inapigwa baadaye. Na fundi akikwambia haiwezekani, mwambie nataka utoe mafaili niyaone kwa macho yangu kwenye flashi ndipo uguse Windows, akikataa chukua laptopu yako uondoke. Nasema kwa uchungu maana mwaka 2014 nikiwa bado najifunza kazi nilipiga windo kompyuta ya mwalimu mmoja bila kuuliza, kumbe humo kulikuwa na alama za wanafunzi wa mihula miwili na hakuwa na nakala popote. Yule mama hakunifokea. Alikaa kwenye benchi akaniangalia tu. Tangu siku hiyo hakuna mashine inayopita mezani kwangu kabla sijauliza una nini humu ndani.

Tuanze. Acha kuizima na kuiwasha kila saa ukitumaini itapona, haiponi hivyo. Na kwenye hiyo skrini ya bluu utaona sehemu ya Reset this PC, usiiguse leo. Ndani yake kuna machaguo mawili, moja linasema linafuta kila kitu, la pili linasema linaacha mafaili yako na kweli huwa linaacha ila linafuta programu ulizoingiza, lakini kompyuta ambayo tayari inayumba ikikwama katikati ya kazi hiyo utabaki kwenye hali mbaya zaidi ya uliyonayo. Hiyo ni ya baadaye, ukishakuwa na nakala mkononi.

Kabla ya ufundi wowote chukua simu yako uingie onedrive.com kwa ile ile email uliyofungulia laptopu. Laptopu nyingi za siku hizi zinapeleka Desktop na Documents huko zenyewe bila mwenyewe kujua, nimeshakuta watu wanalia na kazi yao iko mtandaoni nzima. Angalia pia email ulizomtumia msimamizi wako, na WhatsApp kama uliwahi kumtumia mwenzako asome. Hata toleo la mwezi uliopita ni bora kuliko kuanza na karatasi nyeupe.

Kama huko hakuna, tunaingia ndani ya mashine yenyewe, na kuna njia moja huhitaji hata bisibisi. Chomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Kwenye ile skrini ya bluu nenda Advanced options, halafu Troubleshoot kama ipo, halafu Advanced options tena, halafu Command Prompt. Inaweza kukuomba paswedi yako, iweke. Itakuja boksi jeusi. Hapo andika neno moja tu, notepad, ubonyeze Enter. Itafunguka ile programu ndogo ya kuandikia ambayo wengi hamuitumii kabisa. Nenda File, halafu Open, na chini kwenye aina ya faili badilisha iwe All Files, usisahau hapo maana bila hivyo utaona folda tupu na moyo utakupasuka bure. Sasa upande wa kushoto bonyeza This PC na utaziona diski zako zote pamoja na flashi.

Angalizo hapa: ukiwa humo herufi za diski zinaweza kuwa zimehama, ile uliyozoea kuiita C inaweza kujiita D, kwa hiyo usiangalie herufi, fungua moja moja mpaka uone folda inaitwa Users na ndani yake jina lako. Humo ndimo Desktop, Documents, Downloads na picha zilimo. Bonyeza kulia kwenye folda, Copy, nenda kwenye flashi, bonyeza kulia, Paste. Halafu tulia. Dirisha hilo halikuonyeshi ule mstari wa kijani wa kukopi, litaganda kama limekufa na wengi hapo ndipo wanazima kwa nguvu. Limeganda kwa sababu linafanya kazi. Kama flashi ina taa ndogo utaona inapepesa, iache, kaa hata nusu saa. Likiachia bonyeza F5 uone folda imeingia.

Kama mafaili ni mengi sana funga hiyo notepad urudi kwenye boksi jeusi uandike amri hii kwenye mstari mmoja, ukibadilisha herufi na jina kulingana na ulichokiona: robocopy D:\Users\jinalako E:\okoa /e /xj /r:1 /w:1. Hizo alama mbili za mwisho usiziache, kwa sababu robocopy ikikutana na faili inayogoma kusomeka kawaida yake inarudia mara 1,000,000 na kila mara inasubiri sekunde 30, yaani utazeeka hapo. Ukiweka hivyo inajaribu mara moja tena inaendelea na mengine.

Na mimi ningekushauri hiyo robocopy kwa sababu moja inayokuhusu wewe hasa. Uliandika umeme ulikatika ukiwa unaandika, si ndio? Word huwa inajihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hukubadilisha, na nakala hiyo haikai Documents, inakaa kwenye folda iliyofichwa inaitwa AppData ndani ya folda ya jina lako, kwenye Roaming, Microsoft, Word, na mwisho wake ni .asd badala ya .docx. Ukibeba folda nzima ya jina lako unaibeba na hiyo. Kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima utaiweka, utafungua Word, utaifungua humo, na zile kurasa ulizoandika usiku ule kabla ya giza unaweza kuzikuta.

Ikitokea hata hiyo skrini ya bluu haifiki, usikate tamaa. Azima kompyuta ya rafiki, shusha Linux Mint au Ubuntu, ni mifumo kama Windows ila ya bure, halafu kwa programu ya Rufus iandike kwenye flashi ya GB 8, uhakikishe flashi hiyo haina kitu cha maana kwa sababu inafutwa yote. Chomeka kwenye laptopu yako mgonjwa, iwashe huku unabonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, kwa Dell, Lenovo na Acer mara nyingi ni F12, HP ni F9, Asus ni Esc. Chagua flashi. Itawaka mfumo mwingine kabisa bila kugusa Windows yako, na ukifika mahali inakuuliza kujaribu au kuingiza, chagua KUJARIBU, hiyo ya kuingiza ndiyo inayofuta. Fungua alama ya folda, diski yako iko pembeni, kopi peleka kwenye flashi ya pili. Ikisema diski hii inasomeka tu haiandikiki, vizuri sana, ndicho tunachotaka.

Njia ya tatu ni kuitoa diski. Laptopu nyingi za kawaida chini kuna skrubu chache tu, diski inatoka, unaiweka kwenye kikasha cha USB au kebo ya SATA ya kwenda USB, unaichomeka kwenye kompyuta nzima kama flashi. Ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda ya jina lako bonyeza Continue usubiri, hiyo ni Windows ya kompyuta nyingine inauliza wewe ni nani. Kwa hili fundi yeyote makini anakusaidia dakika 20, na bei yake haitakiwi kutisha.

Ukishapata, usiishie kuona jina la faili kwenye flashi ukashangilia. Ifungue kwenye kompyuta nyingine, shuka mpaka ukurasa wa 84, fungua na faili moja moja za mahojiano. Halafu jitumie kwenye email hapo hapo. Baada ya hapo hata windo ipigwe mara kumi.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nipo Muscat, laptopu yangu ilifanya updeti yenyewe na asubuhi naiwasha inataka BitLocker recovery key, mimi katika umri wangu sijapata kuweka hicho kitu. Paswedi yangu naijua, naiweka haikubali. Humo mna hesabu zote za duka. Kuna mtu aniambia anayo programu ya kuvunja, ataka riyali 40. Nimpe? (Mzanzibari, Muscat)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usimpe hata baisa moja. BitLocker ni kufuli ya kweli, diski yako yote imeandikwa kwa siri na hakuna fundi anayeivunja kwa programu ya mfukoni, atakula pesa yako halafu atakufutia.

Ila hujui tu, ufunguo karibu hakika upo. Laptopu nyingi mpya zinajifunga zenyewe siku ile unapoingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo zinautuma kwenye akaunti hiyo hiyo. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa email uliyotumia siku unanunua laptopu. Utaona namba ndefu, tarakimu 48 zimegawanywa mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Kama zipo funguo kadhaa, linganisha herufi nane za mwanzo za Key ID na zile zilizoandikwa kwenye skrini ya laptopu, zinazofanana ndio yako. Andika taratibu. Ikikataa jaribu email zako nyingine, na ya mwanao kama yeye ndiye aliyekuwashia siku ya kwanza, hilo nimelikuta mara nyingi mno. Kama laptopu ni ya ofisi, ufunguo wanao watu wa kompyuta wa ofisi.

Tarehe 19 Julai 2024 nadhani mnaikumbuka, ile siku viwanja vya ndege na mahospitali ya nchi nyingi skrini ziligeuka bluu. Ilikuwa ni updeti mbovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5. Kosa hilo lenyewe halikufuta mafaili ya watu, ilitakiwa kuingia na kufuta kafaili kamoja tu. Lakini kazi ilichukua siku na siku, na sababu kubwa mojawapo ni kwamba mashine nyingi kabla hujaingia inakudai hizo tarakimu 48, na kuna ofisi zilikuwa zimezihifadhi funguo kwenye kompyuta ambayo nayo imegoma. Wewe ukizipata ziandike kwenye karatasi uweke na pasipoti yako.

Na usipozipata kabisa, ndugu yangu, nitakuambia ukweli: hayo yaliyomo humo hayatoki. Usikubali mtu akuuzie matumaini.

SWALI: Shikamoo baba fundi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, ina picha za marehemu mume wangu na za arusi za watoto, hazipo mahali pengine. Tangu wiki iliyopita haiwaki, na ndani inalia ka ka ka, ka ka ka. Kijana wangu aliwasha mara nyingi, mara inakubali kidogo tunaona Windows halafu inakwama. Kuna mtu kasema diski tuiweke kwenye frijaa. Nifanyeje mwanangu? (Mama, Mombasa)

JIBU: Marahaba mama, ingawa kwa heshima mimi ndiye wa kukuamkia, shikamoo. Pole kwa msiba na pole kwa hili.

Mama, chomoa waya ukutani sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Sikuambii kuzima, nakuambia chomoa, ili asitokee mjukuu akaiwasha.

Hiyo diski ni ya aina ya zamani, ndani mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kuigusa, uwazi uliopo kati yao ni mdogo kuliko hata chembe ya vumbi. Huo mlio wa ka ka ka ni kichwa kinatafuta njia hakioni, kinarudi, kinajaribu tena. Kama kimeharibika kinaweza kuwa kinakwaruza sahani, na picha za mzee zimeandikwa kwenye utando wa juu wa sahani hiyo. Kila dakika ya kuwaka inaweza kuondoka na picha.

Frijaa hapana kabisa mama. Ikitoka kwenye baridi inafanya majimaji ndani kama glasi ya maji ya barafu, kichwa kikipita hapo ndio mwisho. Wala usimruhusu mtu aifungue mezani kwake aangalie, mfuniko wa diski unafunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi. Na kuna kosa lingine ambalo wenzangu mafundi tunalifanya kwa nia njema, kuendesha CHKDSK kwenye diski inayokufa. Ile kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili na haijali picha yako, inaichosha diski na inaweza kukata faili ambalo lingetoka.

Njia yako ni hii. Mpe kijana aitoe diski, aifunge kwenye kitambaa laini na mfuko, apeleke kwa watu ambao kazi yao ni kuokoa data tu, si duka la kuuza chaja. Waulize maswali mawili: mnafungulia wapi diski, na msipopata picha nalipa nini. Akijikanyaga kwenye hilo la kwanza, rudi nayo nyumbani. Ni gharama mama, sitakudanganya, na kama sasa hivi hela hakuna basi diski iweke kabatini pakavu, ikiwa haijawashwa haizidi kuharibika haraka, itakusubiri mpaka watoto wachange.

Niongeze kwa wengine ambao diski haipigi kelele ila inasoma kwa kujikokota: msikopi folda moja moja. Kuna programu ya bure kwenye Linux inaitwa ddrescue, inanakili diski nzima kwenda diski nyingine isiyopungua ukubwa, inachukua kwanza sehemu nzima zinazosomeka upesi halafu ndio inarudia zile ngumu. Inaandika kumbukumbu ya ilipofika, kwa hiyo hata umeme ukikatika usiku wa manane asubuhi inaendelea pale pale. Mkikosea ipi ni chanzo na ipi ni mwisho mtaandika diski tupu juu ya mafaili, kwa hiyo someni majina ya diski mara mbili, na mtu wa pili asome.

SWALI: Kaka mimi nimechelewa, windo imeshapigwa juzi. Mafaili ya kikundi chetu cha akina mama, michango ya miaka mitatu. Kuna lolote? (Katibu, Iringa)

JIBU: Dada yangu, pengine lipo, ila acha kuitumia hiyo kompyuta tangu leo, hata kuangalia video usiangalie, maana kila kinachoingia kinaweza kukalia nafasi ya faili lako.

Kabla ya kuizima fanya jambo moja, fungua diski C uangalie kama kuna folda inaitwa Windows.old. Kama fundi alipiga windo juu ya ile ya zamani bila kufomati, mafaili yako yote yamo humo, ndani ya Users, na inabidi uyatoe leo kwa sababu Windows huwa inaifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku chache.

Kama haipo, inategemea diski ni ya aina gani. Ikiwa ni ya kuzunguka nafasi ipo nzuri tu, itolewe, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine na isomwe na PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ni bure, na kile inachookoa kihifadhiwe diski NYINGINE, kamwe si hiyo hiyo. Jiandae kwamba majina hayarudi, utapata mamia ya faili zenye majina kama f0483216.xlsx na itabidi ufungue moja moja mkiwa mmekaa na wenzako wawili watatu. Ikiwa ni SSD, yaani ile ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, Windows huwa inaiamuru diski isafishe nafasi zilizofutwa na yenyewe inatii upesi, hapo matumaini ni madogo sana na sitaki utumie pesa ya kikundi kuyafukuza.

Wakati hiyo inaendelea, kusanya madaftari ya wanachama na meseji za miamala kwenye simu zao, wengi huwa hawafuti. Kikundi kimoja nilichowasaidia walirudisha hesabu ya miezi 26 kwa meseji tu, wamekaa chini ya mwembe Jumapili mbili, mmoja anasoma mmoja anaandika.